Aliyepima Mizigo Yote: Historia ya Marehemu Anatory Ishengoma Kaijage

Mchungaji, wazee wa ushirika, mama mjane na watoto, ndugu mliotoka Bukoba, Mwanza, Nairobi na Mombasa mkakutanishwa na biashara katika mji huu wa Guangzhou, na ninyi majirani wenyeji mliofunga maduka yenu leo Jumamosi, tarehe 23 Agosti 2025, mkaja kuketi nasi, familia inawasalimu kwa jina la Yeye aliyelia kaburini kwa Lazaro ingawa alijua kwamba atamfufua. Historia hii imeandikwa na mzee wa ushirika, Jeremiah, kama marehemu alivyomsimulia kitandani, na inasomwa na Jovin, mdogo wa marehemu, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, wala hakukubali asomewe na mtu mwingine.

Marehemu Anatory alizaliwa tarehe 12 Mei 1974 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa marehemu mzee Kaijage na Ma Paskazia, ambaye yu hai, ana miaka sabini na minane, na hivi sasa anaungojea mwili wa mwanawe katika kibanja kile kile alimomzalia. Alisoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1982, akahitimu darasa la saba mwaka 1988, na mwaka huo huo, tarehe 3 Desemba, baba yake akafariki dunia. Siku ya maziko ukoo ulimkalisha Anatory kwenye kiti cha baba yake kuwa mrithi, kijana wa miaka kumi na minne ambaye miguu yake ilikuwa bado haina viatu, na mdogo wake wa mwisho, Jovin, aliyekuwa na miaka mitano, akawekwa magotini pake mbele ya watu wote, maana yake huyu ni wako, utaulizwa habari zake. Neno hilo marehemu hakulisahau hata siku moja, na wote mtakaosikiliza hadi mwisho mtaona kwamba ndilo lililomwinua na ndilo lililomwangusha.

Mwaka 1991 alijiunga na mafunzo ya ufundi jijini Mwanza, akajifunza uchomeleaji wa vyuma kwa miaka miwili, na kuanzia mwaka 1994 hadi 2006 alifanya kazi katika karakana ya meli za ziwani, ambako mabaharia walisema kwamba mahali alipounga Fundi Anatory chuma kitaoza pembeni, kwenye kiungo hakitaoza. Kwa mshahara huo alimsomesha Jovin hadi kidato cha nne, kisha akamfundisha kushika moto kwa mikono yake mwenyewe.

Tarehe 29 Julai 2000 alifunga ndoa takatifu jijini Mwanza na Felisia, ambaye yupo hapa mbele yenu, na Bwana akawajalia watoto watatu, yaani Herieth aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2001, Derick aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 2004, na Flavia aliyezaliwa hapa hapa Guangzhou tarehe 8 Februari 2018, mtoto wa uzeeni, ambaye baba yake alipenda kusema kwamba huyu ndiye mzigo pekee alioupokea bila kuukagua.

Mwezi Septemba 2006 marehemu alisafiri kwenda Japani, akafanya kazi katika yadi ya kubomoa magari yaliyokwisha muda wake, na mwaka 2008 akamwita Jovin amfuate. Tetemeko na mawimbi ya bahari vilipoipiga nchi ile mwezi Machi 2011, na mtambo wa umeme wa nyuklia wa Fukushima ukaharibika, mafundi wengi walihitajika kwa miaka iliyofuata, na mwezi Septemba 2012 kampuni moja ndogo ya vibarua, ambayo haitatajwa hapa kwa sababu marehemu alisema kosa lilikuwa lake, iliwachukua wanaume saba waliosema Kiswahili, kati yao Anatory na Jovin, wakaenda kuunga matangi makubwa ya chuma ya kuhifadhia maji yaliyochafuliwa na mionzi. Walilala bweni moja, wakala chungu kimoja, na kwa kuwa Anatory alikuwa mkubwa wao kwa umri na kwa maombi, wote wakamwita Mzee, hata Mbarak wa Mombasa, Mwislamu na mcheshi, ambaye alikuwa akisimama mlangoni wakati wa ibada akisema analinda viatu.

Ndugu wapendwa, katika kazi ile kila mtu hupewa kidude kidogo cha kuvaa kifuani, kinachopima mionzi iliyomwingia mwilini, na kiwango kikipanda hulia, na jumla ya vipimo huandikwa katika daftari la kila mfanyakazi, na aliyefikia kikomo huondolewa kazini kwa usalama wake. Mwezi Machi 2013 daftari la Jovin lilikaribia kikomo. Anatory aliona kwamba mdogo wake ataondolewa, atabaki peke yake katika nchi ya watu bila kazi na bila karatasi, naye aliwekewa mdogo huyo magotini mbele ya ukoo. Asubuhi moja, kabla basi la kazini halijafika, akawakusanya wale sita, akawasomea zaburi ile inayosema kwamba tauni ipitayo gizani haitamkaribia akaaye katika uvuli wa Mwenyezi, akaomba, na baada ya kusema amina akavua kidude chake, akakitia ndani ya sanduku la vifaa, nyuma ya bamba la chuma, akawaambia wafanye vivyo hivyo. Jovin alipouliza kama hakuna hatari, Mzee akamjibu, "Kisichopimwa hakipo."

Kuanzia asubuhi hiyo maneno hayo yakawa salamu ya bweni, na Mbarak, ambaye hakukosa la kusema, akakiita kidude kile mtoto, kwa sababu ya kulia kwake, na kila basi lilipopiga honi aliwahimiza wenzake akisema, "Haya, mlazeni mtoto, asije akatuamshia majirani." Walicheka, wakaenda, wakaunga vyuma, na madaftari yao yakabaki safi kama kanzu za ubatizo, hadi mwezi Juni 2014 kazi ilipokwisha.

Hapa marehemu aliagiza isemwe kweli bila kupakwa asali. Zaburi ile ile aliyoisoma Anatory asubuhi ile ndiyo Shetani aliyoisoma juu ya kinara cha hekalu, alipomwambia Bwana wetu ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua mikononi, na Bwana akamjibu kwamba imeandikwa, usimjaribu Mungu wako. Imani haivuliwi kifuani ikatiwa sandukuni, wala Mungu hakuwapa wanadamu akili ya kutengeneza vipimo ili watumishi wake wavifiche kwa jina lake. Anatory hakufanya hivyo kwa tamaa, alifanya kwa kumpenda mdogo wake, lakini upendo unaoogopa kuujua ukweli humwongoza ndugu shimoni ukiwa umemshika mkono. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, nasi tumeandika alivyosema.

Mwezi Januari 2015 ndugu hawa wawili walihamia Guangzhou, na mwaka 2016 Felisia akaja na watoto. Marehemu alifungua ofisi ndogo ghorofa ya nne katika jengo la biashara kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, akinunua mashine za kuchomelea, pampu za maji na taa za jua kwa ajili ya wateja wa Mwanza, Bukoba na Nairobi. Wafanyabiashara wote wa mtaa wetu wa Xiaobei wanajua kwamba hakupakia mzigo bila kuupima. Kiwandani alifungua kila boksi la kumi, akawasha mashine, akachomelea vipande viwili vya chuma na kuvigonga sakafuni, na kama vikiachana alirudisha shehena nzima. Bosi Huang, mama mwenye kiwanda cha mashine hizo, alikasirika mwaka wa kwanza, akanung'unika mwaka wa pili, na mwaka wa tatu akawa anamwita aje awapimie hata wateja wengine, akisema kwamba laoban, yaani bosi, huyu Mwafrika ana jicho la forodha. Muthoni, jirani yake wa ofisi kutoka Nairobi, alizoea kumtania kwamba siku ya kiyama Fundi atamwomba malaika afungue boksi moja kwanza. Alicheka kila mara, lakini Felisia anakumbuka kwamba kicheko hicho kilikatika upesi kuliko ilivyopasa.

Sasa tuseme habari za ugonjwa. Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, katika maonyesho ya biashara ya Pazhou, akiwa ameinama kukagua pampu, damu ilimtoka puani ikadondoka juu ya kitambaa cheupe cha meza, na haikukoma kwa muda wa saa nzima. Kwa wiki kadhaa alikuwa amechoka, ana michubuko mikononi asiyojua imetoka wapi, akidhani ni uchovu wa msimu wa maonyesho. Tarehe 4 Novemba madaktari walimwambia kwamba ana saratani ya damu, ya aina iendayo kwa kasi. Daktari wake, kwa upole, akamuuliza mbele ya mkewe kama amewahi kufanya kazi mahali penye mionzi. Anatory akajibu kwamba hajawahi. Felisia, aliyekuwa na barua zote za miaka ile ndani ya sanduku la nguo, alimtazama mumewe, naye akatazama dirisha.

Matibabu yalianza, na kwa neema ya Mungu mwezi Januari 2025 damu yake ilitulia. Tarehe 13 mwezi huo daktari alieleza kwamba utulivu huo ni mlango ulio wazi kwa muda mfupi, na njia iliyo bora ni kupandikizwa uboho wa mifupa kutoka kwa ndugu wa tumbo moja, hivyo Jovin, ndugu pekee aliye karibu, apimwe damu mara moja. Jovin alisema ndiyo. Kesho yake akapanda treni kwenda Yiwu, mji wa masoko ya jumla, akaaga kwamba anafuata bidhaa kwa siku nne.

Siku nne zikawa kumi, kumi zikawa ishirini. Kila alipopigiwa simu alisema anasubiri mzigo. Ikafika sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, wakati ambapo viwanda vyote hufungwa na masoko hulala, na Felisia akampigia tena, akamsikiliza akieleza habari za mzigo, kisha akamuuliza polepole, "Shemeji, ni Yiwu gani hiyo iliyo wazi leo?" Jovin akakata simu. Alirudi tarehe 20 Februari, amekonda, akaja hospitalini akasimama mlangoni kama Mbarak alivyokuwa akisimama zamani kulinda viatu.

Anatory hakumkaripia. Alimwomba aketi, akamuuliza anachokiogopa. Ndipo Jovin akasema kwamba wote wawili walikunywa kikombe kimoja, na kama damu ya kaka yake imeharibika, yake itakuwa nini, na kwamba yeye ana mke Bukoba na watoto wawili, na afadhali aishi asijue kuliko ajue asiishi. Kisha akasema neno ambalo marehemu alilibeba hadi siku ya mwisho: "Kaka, si wewe uliyetufundisha kwamba kisichopimwa hakipo?"

Mfalme yule wa Babeli aliona vidole vikiandika ukutani kwamba amepimwa katika mizani akaonekana amepungua, miguu yake ikagongana. Anatory aliyaona maandishi hayo hayo, lakini yeye aliandikiwa kwa kinywa cha mtoto aliyewekwa magotini pake. Alilia, kisha akasema, "Nilikosea, mdogo wangu. Nilimjaribu Mungu, nikakushika mkono tumjaribu pamoja."

Siku hiyo hiyo alimwita daktari, akamwambia kweli yote, akampa daftari lake la mionzi, ambalo juu ya kila ukurasa alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba namba hizi si za kweli. Daktari, mtu mwadilifu, alimweleza kwamba hawezi kuapa kuwa mionzi ndiyo iliyoleta ugonjwa wake, kwa maana damu haitiwi muhuri wa ilikotoka, na walio wengi waliofanya kazi kama ile hawataupata kamwe, lakini imeonekana kwamba kadiri mtu anavyopata mionzi zaidi ndivyo hatari inavyoongezeka, hata kama ni kwa kiasi kidogo, na kwa hiyo mtu wa namna hiyo anapaswa kusema alikofanya kazi na kuangaliwa damu yake kila mwaka. Anatory akauliza kama kipimo kinauma. Akaambiwa ni sindano moja. Akasema kwamba basi kwa miaka kumi na miwili walikuwa wakikimbia sindano moja.

Jumapili tarehe 9 Machi 2025, akiwa amefunikwa pua na mdomo, aliomba ruhusa atoke kwa muda wa saa moja, akaletwa katika ushirika wetu, akasimama akishikwa na Felisia, akaungama mbele ya wote. Wengi wenu mlikuwapo. Hakujitetea. Aliomba tu kwamba asiwepo mtu wa ushirika huu atakayemwombea mgonjwa apone huku akimzuia asipimwe. Jumanne iliyofuata, tarehe 11 Machi, Jovin alinyoosha mkono wake akachomwa sindano.

Majibu yalitoka tarehe 24 Machi. Damu ya Jovin ilikuwa safi, na uboho wake ulifanana na wa kaka yake katika kila kipimo walichokitazama. Lakini tarehe 19, siku tano kabla, ugonjwa wa Anatory ulikuwa umerudi. Mlango ulikuwa umefungwa.

Ndugu, hapa msomaji aliambiwa na marehemu asome polepole, asiruke neno. Kama Jovin angepimwa mwezi Januari, huenda kaka yake angekuwa nasi leo, huenda asingekuwapo, hakuna daktari aliyetuambia kwa hakika, na Mungu peke yake ndiye ajuaye. Jovin alikiogopa kitu ambacho hakikuwamo mwilini mwake. Hilo ni la kweli, na limesomwa. Na hili nalo ni la kweli, lisomwe kwa sauti hiyo hiyo: siku majibu yalipotoka, Jovin alianguka kando ya kitanda asiweze kuinuka, na Anatory, ambaye mikono yake ilikuwa imejaa mipira ya dawa, alikivuta kichwa cha mdogo wake akakilaza magotini pake, akasema, "Wewe ni mzima. Baba ataniuliza habari zako, nami nitakuwa na jibu." Aliyesamehewa na mwenye haki ya kudai asihukumiwe tena na jirani. Mtu yeyote atakayemnyooshea Jovin kidole baada ya leo, atakuwa amemnyooshea marehemu.

Kwa karibu miezi mitano iliyofuata madaktari walijaribu dawa nyingine, zikasaidia kwa kitambo, kisha mapafu yakashambuliwa. Alitumia nguvu zilizobaki kuandika majina ya wale wenzake watano, akamkabidhi Jovin awatafute. Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, saa tisa alasiri, mkewe akimsomea, na Flavia akichora ua juu ya bandeji ya mkono wake, Anatory Ishengoma Kaijage alipumzika, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mwili wake utaondoka uwanja wa ndege wa Baiyun siku ya Jumanne, na atazikwa Kamachumu kando ya baba yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi tisa, hasa muuguzi yule wa zamu ya asubuhi aliyejifunza kusema shikamoo na kumwamkia kila alipoingia, inamshukuru Bosi Huang aliyeleta supu ya kuku kila Ijumaa na kusimama nje ya kioo hadi bakuli liishe, inamshukuru Muthoni aliyeangalia ofisi kana kwamba ni yake, wafanyabiashara wenzake wa Xiaobei, wapakiaji na madereva, majirani wa ngazi moja waliomlea Flavia, na ushirika huu uliosikia ungamo lake usimtupie jiwe. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, Bwana awakumbuke kwa majina.

Kati ya wale wenzake watano, Jovin amewapata wanne kwa simu, mmoja yuko Nairobi, wawili Kongo, na Salvatory yuko Bukoba. Watatu wamepimwa, damu zao ni safi, na Salvatory amepangiwa siku ya Jumatatu. Wa tano ni Mbarak wa Mombasa, aliyeonekana mara ya mwisho mwaka 2019 akinunua vitambaa katika mji huu huu, na hatujui alipo. Ninyi mliotoka pwani, mkirudi makwenu ulizeni misikitini, ulizeni bandarini na kwenye maduka ya nguo, na mkimpata mtu mrefu asiyekosa la kusema, mwambieni kwamba Mzee amekufa, na kabla hajafa ametuma salamu moja, ya kwamba mtoto asilazwe tena, aachwe alie, na wote wamsikilize.

Nenda, Anatory, mrithi wa kiti cha Kaijage, kwa Yeye aliyeyapima maji kwa konzi ya mkono wake, ambaye mbele zake hakuna daftari lililo safi isipokuwa lililosafishwa na damu isiyougua. Mzigo wako umefunguliwa, umekaguliwa, umepokelewa. Pumzika katika amani yake.